Jina Ambalo Mutunga Hakuliandika

"Ulilifuta wewe?" Inspekta Hemedi aliuliza.

"Limepotelea mikononi mwangu, afande."

"Sikukuuliza limepotelea wapi. Nimeuliza, ulilifuta?"

Mutunga alitazama sakafu ya kituo cha polisi cha Tawa kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa kwenye saruji. Alikuwa mtu mwembamba, mpiga chapa wa ofisi ya maji ya kanisa, na hata baada ya kulala seli shati lake lilikuwa limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. "Andika tu ni mimi, afande," alisema. "Hiyo maneno iishe."

Hemedi aliweka kalamu chini. Tangu Kitui mjini alikozaliwa na kuanzia kazi, mpaka huku Makueni alikohamishiwa, alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, matapeli wa pojo, na hata mzee mmoja wa kanisa aliyeiba kengele. Wote walikuwa na maneno mengi, na kosa siku zote lilikuwa la mtu mwingine. Huyu alikuwa wa kwanza kuomba aandikiwe kosa ilimradi asiulizwe limetokeaje. Jambo hilo lilimuudhi Hemedi kuliko uongo, kwa sababu uongo angalau una pa kuushikia.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Chemchemi iliyo mlimani juu ya Tawa ilikuwa ikinywesha vijiji vitatu tangu enzi za mababu. Sasa mfanyabiashara mmoja, Muthama, alikuwa amepata hati ya shamba la jirani, na hati ikadai kwamba chemchemi imo ndani ya shamba. Ofisi ya kanisa ikakusanya ushahidi wa wazee wanane. Saba walisimulia waliyoyasikia kwa baba zao. Mmoja tu, bibi aitwaye Kavata, ndiye aliyeona kwa macho yake mawe ya mpaka yakichimbiwa, akiwa bado msichana wa kubeba kibuyu. Kisha mwezi wa kwanza mwaka huu wa 1994, Kavata akapigwa na kiharusi, na ulimi ukafa. Maneno yake yalikuwa yamebaki katika faili moja tu ndani ya kompyuta ya ofisi, na faili hilo halikuwapo tena. Mahakama ingekaa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nitajie waliotoa ushahidi," Hemedi alisema.

"Mzee Mbuvi. Mzee Ndolo. Mzee Mutiso." Mutunga alitaja hadi wa saba, polepole, kama mtu anayepanga vikombe. Halafu akasita. "Na ule mwingine."

"Mwingine nani?"

"Ule mama wa ng'ambo ya mto."

"Hana jina?"

Mutunga alifunga mdomo, jasho likamtoka juu ya midomo. Hemedi aliliona jasho lile na kulipa maana haraka. Mtu anayeshindwa kumtaja aliyemdhulumu, dhamiri inamkaba koo. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na alikuwa amekosea.

Ofisi ya maji ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Ilikuwa na meza mbili, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya bibi harusi. Mkuu wa ofisi, Pasta Mulei, mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiria uwanjani, alimpokea Hemedi huku macho yake yakiwa mekundu.

"Mimi ndio nilirekodi huyu mama kwa kaseti, afande. Nikampa Mutunga asikilize, apige chapa."

"Kaseti iko wapi?"

Sauti ya uwanjani ilishuka. "Krismasi kwaya walirekodi nyimbo juu yake. Kaseti zingine zilikuwa zimeisha. Nilijua imeshaandikwa kwa kompyuta."

"Na ukagundua lini kwamba haimo?"

"Jumatatu, kwa ofisi ya wakili, Machakos. Mutunga alinipatia diski, faili nane, nikahesabu mwenyewe. Wakili anafungua moja, mbili, tatu, sawa. Anafungua ya nane, ni maneno ya nyimbo za kwaya! Afande, wakili alinisomea pambio mpaka mwisho." Pasta alijifuta uso. "Nimerudi hapa, nimemwuliza Mutunga, amefungua hiyo faili kwa mashine, ameona, amekaa chini. Tangu hapo ni bubu. Na unajua ile inaniuma? Kavata ni mama mkwe wake. Ndiye alizaa bibi yake! Unauzaje mama aliyekupa bibi?"

"Unaamini ameuza?"

"Muthama alionekana akitoka hapa na bahasha kubwa, wakati mimi siko. Mji mzima unasema."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini Hemedi alikuwa amejifunza kwamba mara nyingine lisemwalo huwa njiani kwa miaka na halifiki. Alimgeukia Ndila, karani wa pili, msichana wa kwaya mwenye kucheka upesi, ambaye siku hiyo hakucheka. Akamwomba aiwashe kompyuta. Ndila alitoka nje akaivuta kamba ya jenereta, ikakohoa, ikakubali. Alirudi akaandika neno moja, DIR, na mashine ikataja vyote vilivyokuwa ndani ya saraka ya ushahidi, lile kabati la mashine la kuwekea faili zake: majina upande mmoja, ukubwa katikati, tarehe upande wa pili. MBUVI.DOC. NDOLO.DOC. MUTISO.DOC. Yakaja mengine, na mwisho KAZI.DOC, ambalo ndilo lililokuwa na nyimbo. Hemedi aliyanakili yote kwa kalamu, pamoja na tarehe zake. Tarehe huwa hazina faida mpaka siku zinapokuwa nayo.

"Mutunga ni mzembe?" aliuliza.

"Mzembe?" Ndila alishangaa. "Huyo anaudhi juu ya uangalifu. Sisi hapa mashine yetu haina neno ya kuhamisha faili. Ukitaka kuhamisha, unaandika COPY, unapata mbili. Halafu unaandika DIR, unaangalia kama zimetoshana. Ndio sasa unaandika DEL kwa ile ya zamani. Mutunga hawezi futa kitu kabla aone mpya na macho yake. Nilimwambia, wewe ungekuwa daktari, mgonjwa angekufa akingoja."

"Na ukinakili faili mahali ambapo pana jingine lenye jina hilohilo?"

"Ile ya zamani imeisha."

"Mashine haiulizi?"

"Haiulizi, afande. Ukiiambia weka, inaweka. Ndio maana Mutunga huangalia kwanza. Akikuta jina ni moja, anabadilisha ya zamani na REN, inaitwa kitu ingine, ndio analeta mpya."

Hemedi alishukuru, lakini moyo wake ulizidi kuwa mzito. Kila sifa ya Mutunga ilikuwa inamfunga zaidi. Mtu mzembe hupoteza kwa bahati mbaya. Mtu wa namna hii hapotezi kitu ila ametaka kipotee.

Hemedi alimkuta Muthama dukani kwake katikati ya misumari na mabati. Alikuwa mtu wa umri wa kati, na kofia yake haikumtoka kichwani hata kwa polisi.

"Ulikwenda ofisi ya kanisa kuchukua nini?" Hemedi alimwuliza.

"Kadi."

"Kadi gani?"

Muthama aliinama chini ya kaunta akatoa bahasha ya kaki, akamwaga kadi za mwaliko. Zilikuwa za harusi ya binti yake Mbula, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ziliandikwa kuwa zimepigwa chapa na ofisi ya maji ya kanisa, Tawa. "Ni wapi ingine Tawa nitapigiwa kadi? Niende mpaka Machakos juu ya kesi?" Alizikusanya moja moja akizipanguza. "Afande, mimi naamini ile shamba ni yangu na ile maji ni yangu. Nikishinda, nashinda na hati. Huyo mama aliwahi kunikanda tumbo nikiwa mtoto. Nimwibie maneno?"

Hemedi alizitazama zile kadi, akamtazama mtu mwenyewe, akaona hapakuwa na mwizi pale. Palikuwa na mtu mbishi tu, na ubishi si kosa la jinai.

Ilibaki njia moja. Kompyuta ile iliharibika mwezi wa kwanza ikapelekwa kutengenezwa Kitui, kwa Mwanamisi, binti wa jirani yao Hemedi, aliyekuwa na kijiduka cha kutengeneza mashine za ofisi karibu na msikiti. Hemedi alikwenda posta akampigia simu.

"Kaka Hemedi! Leo umenikumbuka, au ni kazi?"

"Ni kazi, dada. Ile mashine ya kanisa la Tawa, ulipoitengeneza, ulinakili yaliyomo?"

"Mimi siigusi mashine ya mtu kabla sijanakili kila kitu. Diski zao ninazo bado, kwa sababu mpaka leo hakuna aliyenipigia kuniambia iko salama. Wataka nini?"

"Faili la Kavata. Ushahidi."

Alisikia diski zikiingizwa na kutolewa, na mashine ikikwaruza. "Kaka, hakuna Kavata humu. Nimetazama majina yote."

"Hakika?"

"Hakika. Na yaliyomo sijafungua, maana si adabu kusoma ya watu."

Hemedi alikata simu akasimama pale posta, mkono bado juu ya mkonga. Kumbe Mutunga hakufuta. Kufuta kungehitaji kitu cha kufutwa. Hata kabla ya mashine kwenda Kitui faili lile halikuwamo, maana yake hakuliandika kabisa. Alichukua kaseti ya mama mkwe wake, akajifanya anaandika, akaacha kwaya ifunike sauti. Kilichobaki ilikuwa ni kumfungulia mashtaka ya kuharibu ushahidi, na kwa kosa hilo hakimu wa Makueni hakuwa na mchezo.

Angeweza kuyaandika mashtaka jioni ileile. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na Hemedi hakupenda kufunga jalada ambalo ndani yake mtu hajasema kitu. Jumatano asubuhi alivuka mto kwenda kumwona mke wa Mutunga.

Nzilani alikuwa kwa mama yake, akimlisha uji wa wimbi kwa kijiko. Kavata alikuwa ameketishwa kwenye kiti chenye mto, upande wa kulia wa mwili umelegea. Macho yake yalikuwa mazima, na yalimpima Hemedi kuanzia kofia mpaka viatu.

"Anasikia kila kitu," Nzilani alisema. "Ni mdomo tu imekataa."

Hemedi aliamkia kwa heshima, akaketi pale alipoonyeshwa. Akauliza bila kuzunguka: "Mama, mume wako aliandika ushahidi huu au hakuandika?"

Nzilani aliweka bakuli chini kwa kishindo. "Hakuandika? Siku tatu alikaa na vile vitu ya masikio! Alikuja nyumbani hakula. Nikamwuliza, ni nini? Akaniambia, 'Mama yenu amenisemesha mchana kutwa, na mimi siwezi kutoka.'"

"Kwa nini atake kutoka?"

"Afande, wewe si umezaliwa Kitui? Hujui nthoni?"

Alijua. Alikuwa amecheza na watoto wa Kikamba tangu akiwa na meno ya utotoni, na alijua ile heshima nzito iliyo kati ya mwanamume na mama mkwe wake: hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, wakionana njiani mmoja huacha njia. "Lakini pasta alinielezea kwamba nyinyi watu wa kanisa mliyaacha mambo hayo," alisema.

"Pasta anasema tuliacha. Pasta mama mkwe wake alikufa zamani." Hata Kavata macho yake yalicheka kidogo. Nzilani aliendelea, sauti ikilainika. "Mutunga huleta kuni mpaka kwa mlango ya boma, anaweka, anaenda. Mama alipougua, hiyo kiti amekalia ni yeye alitengeneza, na hajawahi kuona mama akiikalia. Hawajaongea tangu tuoane."

"Jina lake analitaja?"

Nzilani alimtazama kama mtu aliyeuliza kama samaki hutembea. "Ataje vipi? Msichana wetu wa pili ameitwa kwa jina ya mama, na mpaka leo baba yake anamwita Mwaitu, yaani mama yangu. Hata kwa cheti ya kuzaliwa, kalamu ilifika hapo kwa jina akaniletea, nikajaza mimi."

Hemedi alisimama bila kujua kwamba amesimama.

Hakulitamka, na hakuliandika hata kwa kalamu. Sasa mtu huyu anawekwa mbele ya kibodi, na mashine inamwuliza faili hili liitwe nani. La Mbuvi anaandika Mbuvi, la Ndolo anaandika Ndolo, kisha anafika kwa mama mkwe wake, na vidole vinakataa. Anampa jina lolote tu, jina la kupitia. Nani angefikiri kwamba nthoni imeingia mpaka ndani ya kompyuta? Hemedi aliona haya. Mchana mzima wa jana alikuwa akitafuta faili kwa jina ambalo mwandishi wake asingeweza kuliandika.

"Mama," alimwambia Kavata, "bado sijayapata maneno yako. Lakini nimejua mahali yalipofichwa."

Ndila alipomwona akirudi mbio alidhani ameleta habari za kifo. Hemedi alifungua karatasi yake ya jana juu ya meza.

"KAZI.DOC," alisema. "Nani alilipa jina hili?"

"Si Mutunga? Yeye ndio aliandika hii yote."

"Tarehe yake ni ya mwanzo wa mwezi wa pili. Siku hizo mashine yenu ilikuwa wapi?"

Pasta Mulei alihesabu kwa vidole. "Ilikuwa Kitui. Ilirudi karibu na katikati ya mwezi."

"Ilikuwa Kitui, imefunguliwa matumbo juu ya meza ya fundi. Basi nyimbo hizi hazikuandikwa humu. Ndila, faili likinakiliwa kutoka diski, hupata tarehe ya leo?"

"Hapana. COPY haibadilishi tarehe. Inakuja na ile ya kule iliandikiwa." Alisema sentensi hiyo vizuri kama mwanafunzi, kisha akaisikia. Mkono ulipanda mdomoni. "Uui. Afande."

"Sema polepole."

"Dada yangu anafanya kwa ofisi ya kupiga chapa, Machakos. Aliniandikia nyimbo za kwaya, akanipatia kwa diski. Yeye kila kitu ya mteja anaita KAZI." Machozi yalikuwa tayari yanamtiririka. "Siku hiyo diseli ya jenereta ilikuwa inaisha. Niliandika COPY kutoka diski, haraka tu, sikuangalia niko saraka gani. Mutunga alikuwa ameacha mashine kwa ushahidi. Mahali umesimama ndio inaangukia, juu ya ile KAZI yake. Sikufanya DIR. Alinifundisha nifanye, na sikufanya!"

Pasta aliketi. "Kwa hivyo kwaya..."

"Kwaya ya Tawa imemfunika mama huyu mara mbili, pasta," Hemedi alisema. "Mara ya kwanza kwa kaseti, na hapo walikuwa na ruhusa yako."

Hemedi aligeukia dirishani. Alikuwa akifikiria kitu kingine. Mutunga alipolifungua lile faili siku ya Jumatatu na kukuta nyimbo, alijua mara moja zimetoka kwa nani. Neno moja tu lingemtoa seli: Ndila. Lakini neno hilo lingezaa swali, ushahidi wa mama ulikuwa unaitwa kwa jina la nyimbo kwa nini? Na jibu lake lingemlazimu amtaje. Basi akachagua kufungwa, akamwacha msichana wa watu na kazi yake na mama mkwe na heshima yake. Hemedi aliwahi kukamata wahalifu wengi kwa sababu ya ujinga wao, lakini hakuwahi kumweka mtu ndani kwa sababu ya adabu, na iliuma.

Simu ya posta ililia muda mrefu kabla ya kupokewa.

"Mwanamisi. Tafuta KAZI."

"Kazi ipi tena, kaka?"

"Faili. Jina lake KAZI. Na safari hii nakuruhusu ulifungue."

Mashine ilikwaruza. Kisha sauti ya Mwanamisi ikarudi ikiwa ya chini. "Ni Kikamba. Linaanza na msichana anayekwenda kuchota maji, na wanaume wanachimba mashimo ya mawe. Kaka, ni refu. Limejaa."

Hemedi aliegemeza kipaji cha uso wake ukutani. "Usiliguse," alisema. "Nakuja mwenyewe."

Alhamisi kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi kutoka Kitui na diski mfukoni. Mwanamisi alikataa kumpa ile ya pekee. Alinakili kwanza, akalinganisha ukubwa, akasukuma kile kidude cha pembeni ili diski isiandikike tena, ndipo akamkabidhi. Wakili naye alikuwa ametuma masharti yake kwa simu. Mwenye maneno asomewe na akubali kwa kichwa na kidole gumba, na aliyepiga chapa aseme, mbele ya ofisa, ni maneno ya nani.

Kavata aliletwa ofisini na kiti chake, Nzilani upande mmoja, pasta upande wa pili akihema. Mutunga alitolewa kituoni. Alipofika mlangoni na kuona aliyeketi ndani, alizunguka nyuma ya jengo akasimama akitazama ukuta.

Ndila alisoma kutoka kwenye skrini. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa yametulia. Kavata alisikiliza bila kupepesa. Aliposomewa mahali pa mawe, mkono wake wa kushoto uliinuka ukaonyesha upande wa mlima. Machozi yalimtoka, lakini kichwa kilikubali, kikakubali tena. Kidole gumba kikawekwa.

"Sasa mwandishi," Hemedi alisema.

"Acha niseme mimi," pasta alijitolea. "Mimi ndio nilirekodi."

"Wewe hukuandika. Wakili wa Muthama atauliza aliyeandika."

Pasta alitoka nje, na mahubiri yakaanza kusikika nyuma ya ukuta, kwamba katika Kristo mambo ya kale yamepita. Hemedi alimfuata akamshika bega. "Mwache, pasta. Mtu hafukuzwi kwenye heshima kwa fimbo." Kisha akamwambia Mutunga, ambaye bado alitazama ukuta: "Ndugu, nilikushuku na nilikukosea. Nimejua la Ndila, na nimejua kwa nini ulinyamaza."

"Kosa ni yangu," Mutunga alisema kwa shida. "Ningeandika jina yake, kwaya isingemkanyaga. Nilimficha kwa jina ya kupita tu, kama mtu hana watu. Na yeye ndiye alikuwa na maneno kushinda wote."

Kiti kilikwaruza sakafu. Walipogeuka, Nzilani na Ndila walikuwa wamekibeba mpaka nje, na Kavata ndani yake, mkono wa kushoto ukiwaelekeza kama dereva wa tingatinga. Mutunga aliinua kiwiko akaficha uso. Waliweka kiti nyuma yake. Mkongwe yule alinyoosha mkono ule mzima, akamshika mkwewe kwenye pindo la shati, akamvuta, taratibu, mpaka magoti yakakunjika na akawa amechuchumaa mbele yake. Kisha akauweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha hapo. Nzilani alilia waziwazi. Hemedi alitazama milima, kwa sababu hata polisi ana macho.

Mutunga aliinuka akaingia ofisini, akaketi kwenye kompyuta. Hakuna aliyemwagiza afanye nini. Kwanza aliandika DIR, akaangalia. Zile nyimbo akazipa jina jipya kwa REN, zikawa KWAYA.DOC, kwa maana hata hizo hakutaka zipotee. Ndipo akanakili kutoka diski. Akaandika DIR tena, akalinganisha ukubwa na ule wa kwenye diski, tarakimu kwa tarakimu. Kisha akaandika REN KAZI.DOC, akaacha nafasi, na vidole vikasimama.

Nyuma yake, kiti kilikuwa kimewekwa ndani, pembeni mwa mlango. Hakugeuka.

Akaandika K. Akaandika A. Aliandika herufi zote sita kwa kidole kimoja, kama mtoto wa darasa la kwanza, akabonyeza. Mashine haikusema kitu.

Hemedi alifungua jalada, akachana ile karatasi ya mashtaka, akachukua nyingine safi. "Kwa ajili ya mahakama," alisema kwa upole. "Umeandika maneno ya nani?"

Mutunga alifumba macho.

"Kavata," alisema.

Na pale pembeni mwa mlango, yule mama ambaye tangu mwezi wa kwanza hakuwa ametoa sauti, akaitika.